Mtani Wake Babu na Gari la Kampeni

Juzi gari la kampeni lilipita mtaani kwangu, spika nne juu, muziki umekolea mpaka vikombe vikawa vinagongana kabatini. Wanangu wakatoka mbio kwenda kucheza. Mimi nikafunga dirisha. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani unachukia siasa?" Nikamwambia aniache na kichwa changu. Wewe sitakujibu hivyo. Wewe tumezoeana, nitakueleza, maana jambo hili nimekaa nalo tangu nikiwa na miaka kumi, kule Mfaranyaki, Songea.

Nililelewa na babu na bibi. Asubuhi za Juni na Julai baridi ya Songea ilikuwa inang'ata kwelikweli, nasi tulijibanza jikoni tukiota moto huku bibi akikoroga uji wa ulezi. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kufagia uwanja na kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Jirani yetu alikuwa fundi seremala, Mhehe aliyekuja kutoka Iringa siku nyingi kutengeneza madawati ya shule, akanogewa, akabaki. Nilimwita Babu Fundi, na mkewe nilimwita Bibi Fundi. Kwao kulinuka mbao za mninga mchana kutwa. Bibi Fundi alipokuwa na kande jikoni, miguu yangu ilijipeleka yenyewe, na kibakuli changu kilikuwa kimeshapakuliwa hata kabla sijabisha hodi.

Sasa wewe unajua Wangoni na Wahehe ni watani. Wazee wao walipigana vita vikali zamani, hakuna aliyemmaliza mwenzake, wajukuu wakaamua kumalizia kwa matusi. Babu yangu na Babu Fundi hawakuwahi kuamkiana kama watu. Mbwa akipita njiani, babu, kwa ule utani kwamba Wahehe hula mbwa, alipaza sauti: "Mtani! Kitoweo chako hicho, kimbia na sufuria!" Naye Babu Fundi, bila kuinua macho kwenye randa: "Nyinyi mlitoka kusini mnakimbia, mpaka leo bado mnahema. Kaa chini upumzike, Mngoni." Mmoja akiugua, mwenzake ndiye alikuwa wa kwanza kufika, na neno la kwanza lilikuwa: "Hivi hujafa tu? Nimeshapima mbao za jeneza lako." Babu alicheka mpaka homa ikapungua. Upendo wao ulikuwa hivyo, na mtu wa kuja hangeweza kuuelewa.

Kisha ukaja uchaguzi wa rais wa vyama vingi, wa kwanza maishani mwetu. Vyama sitavitaja, vyote vimeshanichosha. Fulana zikagawiwa, kofia zikagawiwa, ngoma ya lizombe ikachezwa kila mkutano mpaka wachezaji wakapoteza sauti. Bibi alipokea khanga ya upande huu na khanga ya upande ule, akazivaa kwa zamu. Alipoulizwa alisema, "Khanga haipigi kura." Sisi watoto tulijua nyimbo za vyama vyote, tukaziimba tukienda porini kuokota matunda ya masuku.

Babu alikuwa na chama chake na Babu Fundi alikuwa na chake. Siku wagombea walipofanya mdahalo redioni, watu walijaa barazani kwa Babu Fundi, maana betri zake zilikuwa mpya. Za kwetu tulikuwa tunazianika juani kama dagaa. Wazee wale wawili walikaa benchi moja, sikio moja kwa redio. Mgombea wa Babu Fundi alisema habari za mbolea, kwamba bei imempandia mkulima kichwani tangu ruzuku iondolewe. Babu Fundi akapiga goti lake kwa kiganja, akasema, "Huyo! Huyo amefika shambani kwangu!" Mahindi yake ya mwaka ule yalikuwa ya njano, mafupi kama mtama wa kuku. Babu hakusikia mbolea kabisa. Alisikia neno moja tu, amani. Ujana wake aliuishi karibu na mto Ruvuma, vita vya ng'ambo vilipokuwa vinapamba moto. Alipokea wakimbizi kwa mikono yake, mmoja akiwa mama aliyebeba mgongoni mtoto ambaye alikwisha kufa na yeye hajui. Kwa hiyo kila gari la chama chake lilipopita likitangaza kwamba amani ikiondoka hairudi, na mkichagua ovyo mtajutia damu, babu alikuwa anaacha chakula. Hakuwa mjinga babu yangu, nakuomba usimwone hivyo. Walimshika pale palipokuwa panamuuma, basi.

Hata hivyo siku ya mdahalo waliachana wakicheka. Babu alisema, "Mgombea wako anaongea mbio kama Mhehe aliyeona mkuki." Utani ulikuwa bado mzima.

Wiki mbili baadaye chama cha babu kilifanya mkutano mkubwa uwanjani. Alikuja mgeni kutoka mbali, suti nyeusi, miwani. Babu, kwa kuwa alikuwa mzee anayejulikana na mwenye mdomo, alipandishwa jukwaani awasalimie watu. Nilikuwa nimekaa chini mbele kabisa na watoto wenzangu. Babu akashika kipaza sauti, akakohoa, akasema:

"Mnauliza hiyo vita iko wapi? Njooni kwangu Mfaranyaki mwone! Mtani wangu Mhehe anachimba handaki nyuma ya nyumba. Anajua chama chake kikishinda, mahali pa kujificha patatakiwa!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikalala chini. Kila mtu wa Mfaranyaki alijua lile shimo: choo cha Babu Fundi kilikuwa kimejaa, na alikuwa anachimba kingine. Babu mwenyewe alikuwa amemwazima sururu.

Lakini mgeni hakuwa wa Mfaranyaki. Alipochukua kipaza sauti hakucheka. Alisema, "Mmesikia wenyewe, ndugu zangu. Mzee ametoboa siri. Wenzetu wanachimba mahandaki!" Kesho yake gari likapita mitaani, Mfaranyaki hadi sokoni, likiyatangaza maneno ya babu. Kicheko kilibaki uwanjani; gari lilichukua maneno peke yake.

Siku ya tatu mgambo wakaja kukagua shimo. Walichomachoma udongo kwa fimbo, hawakuona kitu, wakaondoka bila kuaga. Balaa lilikuwa halijaisha. Parokia iliyokuwa imeagiza viti kwa Babu Fundi ikamwambia asubiri kwanza. Bombani, Bibi Fundi akifika na ndoo, wanawake wakawa wananyamaza. Na sisi watoto, Mungu atusamehe, tulitunga wimbo wa handaki. Tuliuimba nyuma yake akiwa amejitwisha maji. Nilikuwemo. Siku hiyo aligeuka, akanitazama mimi, siyo wenzangu, akasema, "Na wewe, mjukuu wangu?" Sikurudi tena kula kande kwake, na hakunizuia mtu.

Bibi yangu alimkalia babu kooni. "Panda kwenye lile gari, useme ulikuwa utani."

"Kila mtu anajua ulikuwa utani."

"Gari halijui, mume wangu. Na wanaolisikia hawajui."

Babu alijikuna kidevu. Mtani haombi radhi. Ukiomba radhi kwa utani umekiri kwamba ulikuwa tusi, na hapo umeuua kwa mkono wako. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake ya kwanza, na ilikuwa ya kweli. Ya pili aliitoa kwa sauti ndogo: "Nikisema sasa, nitakiharibia chama. Acha uchaguzi upite. Nitasema."

Badala yake alikwenda kwa mtani wake na dawa aliyoijua. Alisimama penye karakana, akapaza sauti, "Mtani! Handaki limefika wapi? Niletee na mimi godoro!" Babu Fundi alikuwa anafukia shimo. Mzee wa miaka ile, peke yake, anarudisha kwenye shimo udongo alioutoa mwenyewe, choo asipate. Akatupa koleo jingine la udongo. Babu alisubiri jibu muda mrefu, kisha akarudi nyumbani akajifanya anatafuta kisu.

Uchaguzi ukapita. Mmoja akashinda, mmoja akashindwa, mbolea ikabaki bei ileile, na vita haikuja. Gari la spika likaenda zake. Babu alipokuwa tayari kusema, hapakuwa na mkutano wa kusemea. Kabla ya mvua za kwanza Babu Fundi alipakia randa, misumeno na mkewe kwenye lori, wakahamia Madaba kwa ndugu wa mke. Bibi alikwenda kuwaaga. Babu alijifungia chumbani.

Mwaka uliofuata zikaja habari kwamba Bibi Fundi amefariki. Babu alikurupuka kama kijana. Msiba wa mtani huendi na suti; unakwenda kumtukana marehemu na kuwachekesha wafiwa, na hiyo ndiyo heshima yake. Alivaa koti lake la zamani la kazi, akaligeuza ndani nje, akajipaka majivu usoni, akachukua mwiko mkubwa wa bibi akauweka begani kama bunduki. Nilifuatana naye kwenye basi. Njia nzima alikuwa anajaribisha maneno: atailalia njia jeneza lisipite, atadai marehemu ni mke wake aliyeibiwa, ataigiza namna marehemu alivyokuwa anamgombeza mumewe kwa vumbi la mbao. "Lazima acheke," aliniambia. "Akicheka, yamekwisha." Macho yalikuwa mekundu, majivu yamelowa mashavuni.

Tulipofika, babu aliingia uwanjani akipiga yowe: "Nani ameniulia mke wangu? Huyo Mhehe yuko wapi, nimkamate!" Wanawake wachache wakaanza kucheka kwa kilio, kama inavyotakiwa. Wakamtazama mfiwa.

Babu Fundi akainuka kwenye mkeka. Akachukua kiti, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakiweka mbele ya babu. Wazee wale walikuwa rika moja. Lakini aliinamisha kichwa, akasema kwa upole:

"Shikamoo, mzee. Karibu kiti. Poleni na safari."

Kicheko kikakatika. Mwiko ukashuka begani mwa babu. Hatimaye akasema, "Marahaba," akakaa. Wakamletea maji ya kunawa na chakula cha mgeni. Walitutendea vizuri mno. Jeneza lilipita na hakuna aliyelizuia. Niliimba na wengine kaburini, na wimbo wangu ule wa bombani ukanirudia kichwani, kwa sababu yule niliyepaswa kumwomba radhi alikuwa ndani ya sanduku.

Babu aliishi miaka sita zaidi. Hakupiga kura tena na hakumtania mtu tena. Watu husema uchaguzi ule ulipita kwa amani, na ni kweli, hakuna aliyepigwa hata kofi. Mimi kila nikisikia hivyo nataka kulia. Siku tuliyomzika babu tulipeleka habari Madaba mapema, tukachelewesha mazishi tukimngoja mtani wake, mpaka jua likaanza kuinama. Padre akatuambia haiwezekani kungoja zaidi. Basi tukamshusha kaburini taratibu, kimya, kwa heshima zote, na hakuna mtu aliyemtukana.