Nereah Hakuzima Simu

Pale mtaani Kianda, ukitaka kupanda ndege huna haja ya kwenda mjini. Unaenda kwa Nereah, Mama Adhis, fundi wa nguo. Anaweka mkasi chini, anachukua simu, anakukatia tiketi. Leseni ya uwakala hana. Serikali inaidai kwa sababu matapeli wameliza watu. Mwezi uliopita tu, kule mtaa wa Kongo, Kawangware, wakala bandia aliuza tiketi hewa, na abiria walipofika uwanjani na masanduku yao, jamaa alikuwa ameshazima simu. Maofisa wakaanza kupita duka hadi duka. Nereah aliapa kwamba ataitafuta leseni, lakini kuapa na kutafuta ni ndugu wasiosalimiana.

Ndipo jirani yake, Isaac Ogola, akafiwa na mama huko Siaya. Mazishi yalikuwa Ijumaa mchana, na yeye ndiye kifungua mimba. Nereah akamkatia tiketi ya ndege ya kwenda Kisumu, uwanja ulio karibu na Siaya, asubuhi hiyo. Hakumwomba kitambulisho. Amwombe cha nini? Siku Isaac alipobatizwa ukubwani, Nereah alikuwa kwenye kwaya, akiimba mpaka sauti ikamkauka. Akaandika jina la ubatizo, Isaac Ogola.

Ijumaa asubuhi simu ikalia.

"Mama Adhis, wamenikataza kuingia ndege," Isaac alisema, karibu kulia. "ID yangu bado iko Austine Okello Ogola. Wanasema hii tiketi si yangu. Sasa Mathe azikwe bila mimi?"

Simu ikapewa dada wa kaunta ya shirika la ndege. Alieleza bila ukali kwamba abiria hafai kuumia kwa kosa la wakala, na jina lingeweza kurekebishwa. Ila wakala aandike barua pepe saa hiyo hiyo, akiri kosa, aweke jina lake, mahali anapofanyia kazi na nambari ya leseni.

"Na kama hana leseni?" Nereah aliuliza.

"Aandike hana. Lakini ajue hiyo barua lazima tuipeleke kwa maofisa wanaotoa leseni."

Tusimfanye malaika: kidole cha Nereah kilikaa juu ya kitufe cha kuzima simu. Cherehani peke yake haikuwahi kuwalisha watoto wake watatu. Tena Isaac hangemshtaki, si mtu wa kanisa lake? Aibu ikamkamata hapo hapo. Akizima, angetofautianaje na yule wa Kongo? Mficha uchi hazai. Akaandika kila kitu, na penye leseni akaandika: Sina.

Isaac aliruhusiwa kupanda.

Jumanne iliyofuata maofisa wawili walifika Kianda na nakala ya barua ile, wakasema Nereah atafikishwa mahakamani. Isaac, aliyerudi asubuhi hiyo, akasimama mlangoni kuwazuia.

"Buda, huyu mama hajaibia mtu! Mnamshika ju ya kusema ukweli?"

"Waache, Baba Ryan, ni kazi yao," Nereah alimwambia Isaac. Halafu akauliza swali lililokuwa limemnyima raha tangu Ijumaa. "Ulimkuta mama yako?"

"Nilimkuta. Walikuwa wananingoja ndio wafunge sanduku."

Nereah akalia mbele ya maofisa bila kujificha. Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akamwomba Isaac asogee, akawakaribisha waingie.