Shikamoo Imekuwa Dhambi Nyumbani Kwangu

Msimamizi wa ukurasa huu, nifichie jina tafadhali. Hapa mjini kwetu, mji kasoro bahari, tunajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa na nina watoto watatu. Mama yangu yuko Kinole, kijijini huko milimani, ni Mwislamu. Nilipobatizwa ili nifunge ndoa hakuninyima radhi. Alisema tu, "Dini ni yako, mwanangu. Wajukuu wangu uwafundishe adabu."

Mume wangu alipunguzwa kazi kiwanda kilipobinafsishwa. Pombe ikawa ndiyo kazi. Waliomwinua ni walokole aliopunguzwa nao. Walimwombea mpaka akaacha, na leo ndiye mchungaji wao, ibada inafanyika uani kwetu. Nilimshukuru Mungu sana, sitaki kuwa mwongo.

Balaa lilianza aliporudi kutoka semina Dar. Akatangaza kwamba shikamoo maana yake "nashika miguu yako", na wa kushikwa miguu ni Mungu peke yake, kwa hiyo Mkristo akiamkia shikamoo ameabudu mtu. Watoto wamsalimu kila mtu "Bwana asifiwe". Nilicheka, nikidhani yatapita. Wapi! Sasa majirani wanasema nimelea watoto wasio na adabu, na mimi nimechoka kuomba radhi kwenye milango ya watu.

Nilimwambia tukiwa wawili, "Baba Neema, hapa umekosea. Hiyo ni heshima tu, na maandiko yanatuamuru kuwaheshimu wazazi."

Akanijibu, "Mama Neema, shetani huanzia kwa mke wa mtumishi."

Nikawaendea wazee wawili wa kundi letu. Wanakubali kabisa kwamba ni upotofu, ila wananiomba ninyamaze, nisije nikalivunja kundi. Basi wote tunajua, na wote tunaitikia amina.

Mwezi uliopita mama alishuka kutibiwa macho. Haoni vizuri tena, wajukuu anawajua kwa sauti wakimwamkia. Alikuwa amekaa mkekani, kitinda mimba wangu akaingia na kusimama kimya. Baba yake alikuwa pale pale, na "Bwana asifiwe" mtoto aliona aibu kumwambia bibi. Mama alisikia nyayo, akasubiri. Mwisho akanyoosha mkono, akasema kwa upole, "Shikamoo, mjukuu wangu."

Jamani! Mama yangu, miaka sabini na ushei, anamwamkia mtoto wa miaka saba! Mtoto akamtazama baba yake, akanyamaza. Nilikimbilia jikoni nikalia.

Kesho yake mama alidai kurudi Kinole kabla ya kupasuliwa jicho. Daktari alishasema akichelewa atapofuka kabisa. Nilimbembeleza, akasema, "Siwezi kuuguzwa na watu wasionijibu."

Jumapili ijayo mume wangu anataka nisimame nitoe ushuhuda jinsi nyumba yetu ilivyoshinda mila. Nikimsahihisha mbele ya waumini nitamwaibisha, na ninaogopa atarudia pombe, maana bila lile kundi hana kitu. Nikisema anachotaka, nimemkana mama. Faraghani nimeshasema mpaka mdomo umechoka.

Ninyi mnaomjua Mungu, nishaurini, nifanye nini? Mama ameniletea ujumbe kutoka Kinole kwamba atashuka siku atakayoitwa na wajukuu wenyewe, na jicho moja limeshapofuka.