Waimbaji Wanne wa Sanyuanli

Kundi letu la muziki wa soul lilizaliwa kwa sababu ya meli iliyochelewa. Ofisi ya kusafirisha mizigo pale Sanyuanli, mjini Guangzhou, China, ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya sita, na mwenye ofisi alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa makamo, mnene, mpole, ambaye hata habari mbaya alizitoa kwa adabu. Siku hiyo alitutazama sisi wateja wake watatu akasema, "Bandugu, bateau haijafika. Mungoje kidogo."

Kidogo hicho kikawa siku kumi na moja. Kila asubuhi tulikuja kukaa pale kwenye viti vya plastiki, maana kila mmoja wetu aliamini kwamba akigeuza mgongo tu, marobota yake yataachwa na ya mwenzake yatapakiwa.

Mimi ni mtu wa Morogoro, nanunua nguo za watoto. Kushoto kwangu alikaa Mzanzibari wa simu na spika, mwembamba, anayenukia udi hata akitoka soko la plastiki. Kulia alikaa dada wa Mbeya, mwenye duka la mikoba. Yeye alikuwa ameishi Guangzhou muda mrefu kuliko sisi sote, na alipofungua mdomo kusema Kichina, wenye viwanda walikaa vizuri kwenye viti vyao. Sauti yake ilikuwa nzito ajabu. Alituambia kwamba Wachina wasiomjua humwita "bwana" kwenye simu, naye hawasahihishi, kwa sababu bwana hupunguziwa bei haraka.

Mkongo alikuwa na nyimbo za zamani za soul kwenye kompyuta yake, zile za Wamarekani weusi wanaoimba wanne au watano huku wamevaa suti za kufanana. Alikuwa amewahi kuongoza kwaya ya parokia, na akijaza fomu alikuwa anaimba chini chini. Siku ya nne Mzanzibari akamfuata kwa sauti ya juu, nyembamba kama uzi, sauti aliyoitoa kwenye kasida za utotoni. Siku ya tano dada wa Mbeya, ambaye alikuwa anakula karanga na kutazama dirishani, akatupia noti moja kutoka chini kabisa. Mkongo akavua miwani.

"Mama, rudia."

"Nirudie nini?"

"Ile ya chini. Ile ya chini kabisa."

Akairudia. Mkongo akasimama, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili kana kwamba anampa pole ya msiba. "Mungu alitutumia besi," alisema, "na tulimuweka pembeni ya dirisha."

Mimi sina sauti, nasema ukweli. Lakini makundi ya namna ile huwa na angalau watu wanne, na wa nne nilikuwa mimi. Nikapewa sauti ya pili, ambayo kazi yake ni kusema "uuu" na kutowavuruga wenzangu. Jina la kundi sitalitaja. Lilichaguliwa na kamati, na linaonekana hivyo.

Maneno ya Kiingereza hatukuyajua vizuri, basi pale tulipokwama tuliweka Kiswahili. Kila wimbo ulikuwa wa mwanamume anayemwomba mwanamke amsamehe. Mzanzibari alivumilia wiki nzima, mwishoni akauliza, "Yakhe, huyu bwana kafanya kitu gani hasa? Mbona haachi kulia?"

"Anajua mwenyewe," dada akajibu kwa besi.

Suti tulikwenda kuzinunua Shahe, ambako nguo ni rahisi lakini haziuzwi mojamoja. Muuzaji, msichana aliyekuwa anakula uji wake bila kututazama, alisema suti ni pakiti ya kumi na mbili, na pakiti nzima ni saizi moja. Dada akamwomba achanganye. "Meiyou," akasema, yaani hakuna, na akaendelea na uji. Tukachukua saizi ya Mkongo, kwa hoja kwamba suti kubwa inaweza kupunguzwa. Zilikuwa za zambarau, zenye kung'aa. Fundi alipunguza suruali tu kabla hajafunga kwa ajili ya sikukuu, kwa hiyo makoti tulivaa yalivyo. Mzanzibari alikunja mikono mara tatu. Mimi nilionekana kama nimesimama ndani ya pazia. Nane zilizobaki dada alizitia kwenye mzigo wake, na mpaka leo kuna kwaya moja Mbeya inavaa zambarau.

Meli ilifika, mizigo ikaondoka, lakini sisi tuliendelea kukutana. Zikabaki hatua za kucheza. Tulijifunza kwenye korido, mbele ya lifti, tukiiga video. Siku ya kwanza yule mama wa Kichina anayefagia ghorofa ile alikuja na fagio ili atufukuze. Akasimama. Akatutazama tulivyogeuka kushoto, mimi nikageuka kulia, nikakumbatiana na Mkongo. Akaweka fagio ukutani, akasogea katikati yetu, akaanza kuhesabu, "Yi, er, san." Kumbe kila asubuhi alikuwa anacheza uwanjani na akina mama wa mtaa, mamia wamejipanga mistari, na hakuweza kuvumilia kuona miguu ikiharibiwa namna ile. Alitufundisha siku nne. Ndiyo maana kundi letu liliimba kama watu wa Amerika na kucheza kama akina mama wa Guangzhou.

Onyesho la kwanza lilikuwa Shiling, mji wa mikoba. Mama mwenye kiwanda ambako dada alinunua mikoba alikuwa anafungua chumba kipya cha maonyesho, akataka wimbo. Tulikodi gari asubuhi, tumevaa kabisa suti zetu. Getini tulikuta bango kubwa lenye picha yetu. Dada alilisoma, akasimama.

"Limeandikwa nini?" nikamuuliza.

"Kundi maarufu la soul kutoka Amerika. Miaka hamsini jukwaani."

"Hamsini!" Mzanzibari akaruka. "Miye nna thelathini na nane!"

"Basi ulianza kabla hujazaliwa," dada akasema. "Twendeni nikaongee naye."

Mwenye kiwanda alisikiliza, akacheka, akasema hakuna tatizo, wageni hawajui tofauti. Mkongo akakataa. Alisema yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kupanda jukwaani kwa uongo. Tukakubaliana dada atasema ukweli kwenye kipaza sauti kabla hatujaimba. Akasema, kwa Kichina kizuri, kwamba sisi ni wafanyabiashara kutoka Tanzania na Kongo, kwamba hatujawahi kufika Amerika, na kwamba hili ni onyesho letu la kwanza. Ukumbi wote ukapiga makofi kwa nguvu. Baadaye tulielezwa kwamba walivutiwa sana na unyenyekevu wetu.

Tukaanza. Mzanzibari alipanda juu akakaa huko. Dada aliposhuka, nikaona mwanamume mmoja mstari wa pili akiangalia nyuma ya spika kutafuta sauti inatoka wapi. Kisha tukafika kwenye mgeuko. Safari hii niligeuka upande sahihi, lakini mkono wa koti langu, ule mrefu, ukanasa kwenye rafu ya mikoba. Nilipomaliza kugeuka nilikuwa nimebeba pochi nyekundu ya ngozi. Sikuwa na mahali pa kuiweka. Nikaendelea kucheza nayo, uuu, mpaka mwisho wa wimbo, na mwenye kiwanda akaninyooshea dole gumba, maana wateja wawili walikuwa tayari wanaiulizia.

Hapo ndipo mzee mmoja wa mstari wa mbele aliposimama. Alikuwa baba wa mwenye kiwanda, fundi wa kukata ngozi aliyestaafu, mfupi, kofia mkononi. Kwapani alibana jalada la sahani ya santuri, kuukuu, lenye picha ya wanaume wanne. Aliomba kipaza sauti. Nikajua tumekamatwa.

Dada akatafsiri taratibu. "Anasema wimbo huu una ubeti wa tatu. Anauliza kwa nini tumeuruka."

Tulitazamana. Kwenye kompyuta ya Mkongo wimbo ule ulikuwa umekatika baada ya ubeti wa pili, na sisi tulidhani ndio mwisho wake.

"Mwambie ukweli," Mkongo akanong'ona.

Dada akamwambia hatuujui. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, akampa binti yake kofia, akapanda jukwaani. Akatuashiria tuanze. Akauimba ubeti wa tatu kwa Kiingereza ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekielewa, kwa sauti nyembamba iliyochakaa, na hakukosea noti hata moja. Sisi nyuma tulimshikilia. Mimi nilisema "uuu" yangu kwa heshima ambayo sijawahi kuipa tena. Alipomaliza alikuwa anatokwa na jasho, na binti yake alikuwa amekaa chini, kofia mapajani, anamtazama kama mtu asiyemjua.

Pembeni ya jukwaa alituhadithia. Ujanani mwake ndugu mmoja alimletea santuri ile pamoja na kanda yake kutoka Hong Kong, na kila siku wakati wa chakula, mashine za kukatia ngozi zikizimwa, alisikiliza na kuimba peke yake. Maisha yake yote aliimba bila besi. Kisha akamtazama dada, akatazama jalada, akamtazama dada tena.

"Besi ni mwanamke," alisema.

"Ndiyo."

"Hapa ni mwanamume."

"Huyo leo hakuja," dada akamjibu, na mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

Kuanzia hapo alikuwa mwalimu wetu. Kila Jumapili mchana, Mkongo akiwa ametoka kanisani, mzee alipanda basi kutoka Shiling na chupa yake ya chai. Alikuwa mkali. Alitupa beti zote zilizokosekana, na "uuu" yangu aliichukia waziwazi. Tuliimba kwenye harusi ya Mtanzania na Mkenya, kwenye mgahawa wa Wakongo, na mara moja kwenye ufunguzi wa duka la taa ambako tuliimba tumefumba macho kwa sababu taa zote zilikuwa zimewashwa.

Kilichotuvunja ni kadi. Mzanzibari alichapisha kadi za kundi bila kutuambia, picha yake katikati, na chini yake jina lake likifuatiwa na maneno "na wenzake".

"Wenzake ni nani?" dada akauliza.

"Si nyinyi?"

"Mimi ni mwenzake nani? Nimekuwa kivuli chako?"

"Dada, anayeimba mbele ndiye hujulikana. Ndivyo ilivyo duniani kote."

"Basi imba mbele, na nyuma uimbe mwenyewe."

Wiki mbili hawakusemeshana. Walikuja ofisini kama kawaida, wakakaa wamepeana migongo, na kila mmoja alinitumia mimi kumwambia mwenzake asogeze begi. Mzee alipoelezwa alifurahi sana. Alisema makundi yote aliyoyapenda yaligombana hivyohivyo, juu ya jambo hilohilo. "Sasa mmekuwa kundi la kweli," alisema. Kadi zikachanwa, wakapatana, wakaimba vizuri kuliko mwanzo.

Lakini mwaka uliofuata mama yake dada akaugua, naye akarudi Mbeya moja kwa moja. Tulimsindikiza uwanja wa ndege. Mzanzibari, yule wa kadi, alilia wazi mbele ya watu na kusema ni vumbi.

Tulijaribu kuendelea. Jumapili iliyofuata Mkongo akapendekeza mimi nishuke kwenye besi. Nilivuta pumzi, nikashuka, nikafika mahali fulani nikakuta hakuna kitu. Mzee, ambaye sasa hakuwa na wa kumtafsiria, alitoa simu yake, akasema maneno machache ya Kichina, akainyoosha kwangu. Simu ikasema kwa Kiswahili safi, sauti ya mwanamke mtulivu, "Tafadhali acha."

Nikaacha. Mkongo akafunga ofisi, tukashuka wanne kwenda kula tambi, na mzee akatusimulia kwa kutumia simu jinsi marehemu mkewe alivyokuwa hapendi soul hata kidogo.