Adhabu ya Sajenti

Alikuwa amestaafu, lakini kota nzima ya wanajeshi bado ilimwita Sajenti. Kazi yake jeshini ilikuwa kufundisha mazoezi, na askari aliyechelewa gwaride alijua malipo yake ni kuzunguka uwanja mpaka ulimi utoke nje. Sasa alikaa kwa bintiye, naye askari, akiwa na goti bovu na kipenga shingoni. Jasiri haachi asili.

Jirani yao, mke wa dereva wa malori ya jeshi, akamjia na shida. Tangu mumewe apelekwe mpakani, binti yao hachezi tena. Akitoka shule anakaa kwenye ngazi na pakiti ya biskuti, macho getini, na siku hizi akipanda ngazi hizo hizo anahema. Mama alikiri kwamba biskuti huzinunua yeye mwenyewe. Mtoto akimlilia baba yake, atampa nini?

Sajenti akasema samaki mkunje angali mbichi. Jioni akawapanga watoto wa kota mstari, akapuliza kipenga, akawaamuru wazunguke uwanja. Mzee wa watu, alidhani anatenda wema. Watoto walikimbia kimya, vichwa chini, na yule binti akaishia njiani, machozi yakimtoka.

"Babu," akauliza, "nimekosa nini?"

Swali lile lilimchoma. Watoto hawa wamekua wakiona baba zao wakikimbizwa kwa makosa, na aliyewakimbiza ni nani kama si yeye? Aliona haya hasa.

Kesho yake hakutokea mtoto hata mmoja. Sajenti akajikokota mpaka kwenye ngazi, akavua kipenga, akamvalisha binti. Akamwambia leo mkosaji ni babu, basi amwadhibu. Binti akapuliza kidogo, kama anayeonja chai ya moto. Mzee akaanza kuchechemea uwanjani, huku akilalamika kwa sauti kwamba anaonewa. Watoto wakachungulia, wakacheka, wakamfuata nyuma wakiiga mwendo wake. Binti, kwa kuchelea mfungwa wake asije akatoroka, akaacha biskuti akafuata.

Ikawa ndiyo desturi ya kila jioni. Pumzi ya binti ikarudi, biskuti zikapungua zenyewe, na mama yake akaanza kulala usingizi.

Siku moja goti lilimzidi mzee, akabaki kitini. Binti akaja mlangoni, jasho tayari usoni.

"Nimekosa nini leo?" Sajenti akamtania.

"Hujakosa kitu, babu. Twende tu."