Kumpeleka Micere Kianyaga

Niliondoka Gakindu kwa sababu moja tu: nilikuwa nimeshindwa. Si neno zuri la kuanzia safari, lakini nikianza na lingine majirani watanicheka, maana waliniona. Mke wangu Micere alifariki mtoto wetu wa pili akiwa bado ananyonya. Aliniachia Wangari, mwenye miaka minne na maswali ya mtu wa arubaini, na huyo mdogo, msichana pia, ambaye hata kuketi alikuwa hajajua. Kazi yangu ni mashine ya kusaga unga pale sokoni. Mchana mtoto alishikwa na Mama Shiku, jirani yetu, mpaka binti yake wa Nanyuki alipojifungua, naye akaitwa huko, kama ilivyo haki yake. Nikajaribu kwenda na mtoto kazini. Jioni nilimrudisha nyumbani akiwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope, anakohoa. Nikampigia simu mama mkwe wangu kule Kianyaga. Hakuningoja nimalize.

"Niletee," akasema. "Huyo ni wangu. Nitakaa na yeye mpaka atembee."

Kwetu neno hilo "wangu" lina maana yake. Binti wa kwanza huitiwa mama wa baba, ndiyo maana Wangari ana jina la mama yangu. Wa pili huitiwa mama wa mama. Mama mkwe anaitwa Wawira, na zamu yake alikuwa ameingoja tangu siku ya harusi yetu. Lakini siku ya ubatizo, baada ya mazishi, mhubiri aliponiuliza jina la mtoto, nilisema Micere. Sikuwa nimepanga. Nilifungua mdomo likatoka hilo. Wanawake kanisani wakalia, wakasema ni vizuri, angalau jina halitazikwa. Mama mkwe hakuwepo, miguu ilikuwa inamsumbua. Nami kila aliposema kwenye simu, "Huyo wangu anaendelea aje?" nilijibu kwamba mtoto anaendelea vizuri.

Tulitoka Gakindu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye mibuni. Jirani mmoja alikuwa anapeleka ndizi Karatina kwa pikapu yake, akatupa nafasi mbele. Mtoto nilimfunga mgongoni kwa leso ya mama yake. Nimebeba magunia tangu utotoni na sijawahi kuangusha hata moja, lakini leso ile iliteleza kila nilipopumua. Wangari alikuwa na kazi ya kuangalia kama mguu wa mdogo wake umetokeza. Ulitokeza mara nyingi, na kila mara alinitangazia kwa sauti ya karani wa kanisa.

Pale Karatina, kando ya soko, mama mmoja mwenye rundo la kabichi aliniangalia nikipita, akaniita nirudi.

"Baba, umefunga mtoto ama umefunga kuni?"

Akainuka, akanigeuza kama mtoto wa shule anayevalishwa sweta, akaifungua leso na kuifunga upya, fundo likikaa juu ya kifua. Mtoto akatulia mara moja. Nikamshukuru. Akauliza mama yake yuko wapi, na Wangari akajibu kabla yangu.

"Mami alikufa. Huyu ndiye Micere sasa."

Yule mama hakusema pole. Aliniwekea kabichi moja ndani ya kikapu changu, akarudi kukaa. Nilikwenda hatua chache nikasimama nyuma ya ukuta wa choo cha soko kwa muda, nikijifanya natafuta kitu mfukoni. "Huyu ndiye Micere sasa." Ni mimi niliyemfundisha maneno hayo.

Kutoka Karatina tulipanda gari la Kerugoya, na Kerugoya tukapata la kwenda Kutus. Kutus jua lilikuwa kali na mtoto alitaka chupa. Tuliingia kwa mkahawa mdogo kuomba maji ya moto. Mezani kwetu alikuwepo mwanamke wa makamo, ametoka Mwea na mchele wake wa kuuza, gunia limeegemezwa ukutani. Alimchukua mtoto bila kuomba ruhusa, akamlisha huku akiniuliza habari, kama wanavyofanya wanawake wa huku wakiona mwanamume na chupa.

"Huyu ni wa ngapi?"

"Wa pili. Wote wasichana."

"Basi huyu ni cucu, bibi wa upande wa mama," akasema, bila shaka yoyote. "Anaitwa nani huyo cucu?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilijua sitamwona tena. Alimsimamisha mtoto begani acheue, akampigapiga mgongo.

"Na huyo cucu alikubali?"

"Sijamwambia."

"Ati hujamwambia? Na uko njiani kwenda kwake?"

Nikajitetea. Nilimwambia kwamba mtu akishafiwa ana ruhusa ya kushika anachoweza kushika, na kwamba jina ndilo pekee lililokuwa karibu. Tena, nikasema, mwanamume gani atalitamka jina la mama mkwe wake kutwa nzima, kuliita akimwosha matako na kulikemea likikataa uji? Kwetu kuna heshima ya ukwe, thoni, ambayo hukataza hata kulitaja jina hilo mbele yake. Mwanamke akacheka kwa jambo hilo la mwisho, nami nikacheka pia. Kisha akanirudishia mtoto.

"Hiyo yote ni ukweli," akasema. "Lakini mwambie kabla hajaambiwa na mwingine."

Nilikusudia kumtii. Gari la Kutus hadi Kianyaga nililitumia kupanga maneno. Mashamba ya kahawa yalipoisha na majani chai kuanza, nilikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye mwanzo na mwisho.

Kianyaga tulifika alasiri. Mama mkwe hakuningoja nyumbani. Alikuwa amejikokota na fimbo yake hadi kibanda cha kununulia majani chai, kando ya barabara, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Tangu mazishi sikuwa nimemwona. Alikuwa amepungua. Aliniamkua kwa upole, akampapasa Wangari kichwani, kisha akanyoosha mikono yote miwili. Nilimgeuzia mgongo amfungue mtoto mwenyewe.

Alimtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki, akamwinua wakatazamana.

"Wawira," akamwambia. "Umechelewa sana. Mimi nimezeeka nikikungoja."

Hotuba yangu ikapotea. Nilikuwa bado naitafuta Wangari alipomvuta bibi yake nguo.

"Cucu, huyo si Wawira. Huyo ni Micere."

Mama mkwe akaniangalia mimi. Nikainamisha kichwa, na hilo likatosha kuwa jibu. Alimfunga mtoto mgongoni mwake, fundo barabara mara moja, akatangulia njia ya nyumbani. Tukamfuata.

Nyumbani alitupatia chai na ndizi za kuchemsha. Alipika, akapakua, akamwogesha mtoto ndani ya beseni, na muda wote huo alimwita "mtoto". Nilijua hasira ya wakwe na nilikuwa tayari kwa hasira. Jua lilipoanza kuinama nilimkuta ameketi kizingitini, mtoto amelala mapajani pake. Nikakaa mbali kidogo, inavyotakiwa. Alisema haya, nami nayaandika kwa Kiswahili chetu cha huku mlimani.

"Baba Wangari, sijakasirika juu ya jina yangu. Jina yangu nimekaa nayo miaka mingi, haina utamu wowote. Lakini sikiza. Micere akiwa msichana alikuwa anachuna majani kule chini. Mimi nikisimama hapa niite, 'Micere!', yeye anaitika kutoka huko, na mimi najua uji iwekwe kwa moto. Sasa wewe unataka nisimame hapa niite hiyo jina asubuhi na jioni. Nitaita huyu, na masikio yangu itangoja ule mwingine aitike."

Nikamwambia kwamba kwangu lilikuwa jambo la kinyume. Mimi nililiita ili nisikie bado lipo.

"Na unasikia?"

Nikamtazama mtoto aliyelala.

"Mtu amechoka, amepumzika," akasema. "Wewe unamwamsha kila siku akuje anyonye chupa. Mwache." Alimfunika mtoto vizuri. "Mimi sikulazimishi. Wewe ndiye baba. Ukitaka aitwe hivyo, kesho mrudishe Gakindu, na sitaongea mbaya juu yako kwa mtu yeyote. Lakini kukaa na yeye na hiyo jina, siwezi. Nimejaribu tangu mlipofika, imekataa kutoka kwa mdomo."

Nililala katika nyumba ndogo ya shemeji yangu, ambaye siku hizi analima mpunga Mwea, maana mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Kulala ni neno tu. Kwa mara ya kwanza niliuona msiba wa mwanamke yule. Kwenye mazishi nilikuwa nimepokea mikono ya watu kana kwamba ni mimi peke yangu niliyefiwa, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya akina mama wa kanisa, akinishikia Wangari. Sikuwahi kumwuliza analala vipi. Tena nilijua wazi kilichokuwa mbele yangu: nikilishika jina, ninampoteza bibi wa kumlea mtoto, na mtoto anarudi kwenye vumbi la mashine. Nikimwacha mtoto, naliacha na jina hilo, na ninarudi nyumbani bila Micere yeyote.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi, theluji yake ikionekana kidogo, na wachuma majani walikuwa wameshaingia shambani. Mama mkwe alikuwa jikoni. Nilisimama mlangoni. Mtoto alikuwa juu ya mkeka, anapigana na miguu yake mwenyewe. Nilikohoa, nikakohoa tena, jasho likanitoka katika baridi ile ya Kianyaga.

"Wawira," nikamwita mtoto. "Wawira, baba anaenda."

Mwiko ulisimama sufuriani. Mama mkwe alijifunika mdomo kwa kitambaa, kwa aibu ya kusikia jina lake likitoka kwa mkwe wake, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani anacheka, na alikuwa anacheka, lakini alipoondoa kitambaa uso wote ulikuwa umelowa machozi. Mtoto naye aligeuka kuangalia sauti ilikotoka. Angegeuka kwa jina lolote. Bado alikuwa mdogo. Hilo ndilo lililoniuma na ndilo lililonifariji.

"Enda salama, Baba Wangari," akasema mama mkwe. "Wawira wako wawili hapa. Watangoja."

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, ila mgongo wangu ulikuwa mwepesi na sikuupenda wepesi huo. Kutus hatukutafuta maji ya moto, tulibadilisha gari tu. Hadi Karatina Wangari alikuwa ameikumbatia ile leso. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilifikiri kwamba tulimpa mtoto mchanga kazi ya mtu mzima, ya kutufuta machozi, na yeye mwenyewe hata meno hana. Nilifikiri pia kwamba desturi ile ya zamu, ambayo niliiona kama sheria ya wazee wenye kiburi cha majina, inawapa watoto majina ya bibi zao ili mtu aliye hai apate wa kumfurahia. Aliyekufa hana haja ya kuitikiwa.

Gakindu tulifika giza linaingia. Niliwasha jiko, nikaweka maji, na kwa mazoea nikatafuta chupa ya mtoto niioshe. Wangari alikunja leso, akaiweka juu ya kitanda, akaja kusimama karibu nami.

"Baba, kama mtoto ni Wawira, sasa Micere ni nani?"

"Ni mami yako."

"Yeye peke yake?"

"Yeye peke yake."

Alifikiri, akiangalia moto.

"Basi tumwachie jina yake," akasema, akaenda kuleta vikombe viwili.