Mwita Kesi na Mkewe

Mahakamani, mwita kesi huyo walimwita Mzee Kimya, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Akisema "Kimya!", wanaume waliokuwa wakitishiana kuuana koridoni walifunga midomo. Akisema "Simameni!", hata mawakili wenye vitambi vya heshima walinyanyuka. Sauti ilikuwa yake. Mamlaka yalikuwa ya kuazima, ya kurudishwa kila jioni pamoja na koti jeusi.

Mara nyingine alisahau kuyarudisha.

"Humu ndani unaniita kama mshitakiwa," mkewe alimwambia, huku akifunga virago. Akahamia kwa kaka yake. Nyumba ikabaki imetulia kama chumba cha hakimu, na Mzee Kimya akagundua kwamba hakuwa anaupenda utulivu hata kidogo. Alitamani hata kusikia sufuria zikibamizwa kwa hasira.

Kisha mke akafungua shauri la talaka, na siku ya kusikilizwa, mwita kesi mwenzake, aliyekuwa amshikie zamu, akaamka na homa.

Hakimu alivua miwani. "Mdaiwa si wewe?"

"Ndimi, mheshimiwa."

"Haipendezi. Lakini sauti yangu haifiki koridoni. Mwite mdai."

Utaratibu ni kuita mara tatu mlangoni. Mdai asipoitika, shauri linafutwa, na kufungua jingine huchukua muda. Na katika muda, mtu huweza kubadili mawazo.

Mzee Kimya aliita kwa sauti ya mtu aombaye maji chumbani mwa mgonjwa. Akaita tena, hivyo hivyo.

"Mzee, leo betri zimeisha?" wakili mmoja akamtania.

Kule mwisho wa korido, mkewe alikaa kwenye benchi na kaka yake, mabega ameyakaza, kama anayesubiri kufokewa. Mnong'ono mmoja tu zaidi, shauri lingefutwa, naye angebaki mke wake kwa muda. Lakini kabla ya leo, jina la mkewe lilikuwa halijapita kinywani mwake siku nyingi. Nyumbani lilikuwa "wewe" na "sikiliza". Alitaka mke ageuke amtazame.

Akaliita kama alivyoliita zamani, nje ya uzio wa baba mkwe, alipokuwa hana koti wala cheo.

"Abee," mkewe akaitika kabla hajafikiri.

Alipofika mlangoni alisimama kidogo. "Kumbe bado unajua."

"Bado."

"Ungeniita hivyo nyumbani, baba, tungekuwa nyumbani."

Akamshikia mlango. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo, akawaamuru wenye shauri wote wasimame mbele ya hakimu, yeye mwenyewe akiwemo.