Jibu la Shangazi kwa Kiswahili

Kanuni za utafiti wetu zilitaka dodoso lisomwe kwa Kiswahili, mbele ya balozi wa nyumba kumi, naye atafsiri pale mhojiwa asipoelewa. Sikuona kasoro katika kanuni hiyo mpaka nilipojikuta Murukulazo, kijiji kipya walikohamishiwa kwa amri watu wa milimani, mwaka wa vita, nikimhoji shangazi yangu kwa lugha ambayo mimi na yeye hatukuwahi kusemezana kwayo. Kihangaza changu nilijifunzia mgongoni mwake.

"Je, unaridhika na maisha yako ya sasa?"

Balozi akatafsiri. Shangazi alinitazama mimi, si yeye, akajibu kwa Kihangaza: "Muulize huyu msomi, huko kwao mtu huulizwa kama ameshiba kabla hajakaribishwa kula? Migomba yangu iko kule mlimani mlikonitoa, nyani wanaivuna. Naomba kibali cha kukata mkungu mmoja tangu wakati wa palizi. Niridhike na nini, na foleni ya sabuni?"

Balozi alikohoa. "Anasema anaridhika sana, hasa na huduma za kijiji."

Alijua kwamba nimeelewa kila neno. Nilijua kwamba anajua. Katibu wa kijiji hakutoa kibali bila neno la balozi, na neno hilo sasa lilikuwa likiingoja kalamu yangu. Nimejiuliza mara nyingi kama nilichokifanya kilikuwa huruma kwa shangazi au woga wa kurudi chuoni na dodoso lenye utata. Nimeshindwa kuvitenganisha, na kushindwa huko kunanitia kinyaa kuliko uongo wenyewe. Niliandika: anaridhika sana. Mwandiko ulikuwa mzuri.

"Basi, mama," balozi alimwambia kwa Kihangaza, sauti imelainika, "kesho asubuhi pitia kwangu twende kwa katibu."

Kibali kilitoka. Nilimsindikiza mlimani. Mikungu mingi ilikuwa imeozea migombani, ikivuja maji meusi yenye funza, na kinyesi cha nyani kilitapakaa hadi kwenye msingi wa nyumba yake iliyobomolewa. Alipata mkungu mmoja mzima. Akaukata, akaketi chini, akacheka.

"Umenisaidia, mwanangu. Kumbe kusoma kuna faida!"

Hakuwa akinikejeli. Kejeli ningeivumilia. Alichuma ndizi iliyokwisha kuiva, akaimenya, akanipa. Kukataa kungekuwa kumtukana, kwa hiyo niliila yote, polepole.